Ringi Iliyokwenda Kitete

Stesheni Masta wetu hakujua kusema "kama saa tatu hivi". Ukimwuliza saa alikupa saa na dakika zake, hata kama ulikuwa unatafuta tu la kuzungumza. "Saa tatu na dakika kumi na nne," angesema, kisha akairudisha saa mfukoni mwa koti na kukutazama, kama vile sasa ni zamu yako kueleza umezifanyia nini hizo kumi na nne. Mimi nilikuwa mshika pointi wake, yaani ndiye niliyefungua na kufunga reli treni zilipoingia na kutoka, na kwa miaka saba niliishi chini ya saa ile. Haki ya Mungu, kuna siku niliichukia kuliko malaria.

Stesheni yenyewe ilikuwa ndogo, ya upande wa Mwanza, kiasi cha nusu saa kwa treni ukitoka Tabora. Jengo moja, tangi la maji, nyumba nne za wafanyakazi, basi. Wenzetu wa Tabora mjini waliiita njia yetu "tawi". Kwao reli ilikuwa ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, hiyo ndiyo njia kuu, na sisi wa kaskazini tulikuwa watu waliotupwa pembeni. Treni ya Kigoma ikichelewa, yetu ingoje. Balbu ya taa ikihitajika kule, ing'olewe kwetu. Ukienda kuchukua mshahara, makarani wanakuuliza, "Nyie wa tawini, bado mnaishi?"

Stesheni Masta hakulitamka neno hilo, na sisi tulilitamka akiwa hayupo. Siku moja nilijisahau nikalitamka mbele yake. Akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, zamani hapa Tabora misafara ilipita na pembe za ndovu ikielekea Ujiji. Mpagazi aliyeshika njia ya kaskazini watu walimwona amepotea. Sawa?"

"Sawa, Masta."

"Pembe zikaisha. Pamba ya Usukuma ikaja. Leo nani amepotea?"

Akachukua kalamu yake. "Njia ina cheo kama mtu tu. Hupandishwa, hushushwa. Kazi ni ile ile. Nenda kapake pointi grisi."

Na kweli alikuwa akiona mbele. Mimi nilipoanza kazi, treni za njia yetu ungeweza kuzihesabu kwa wiki. Miaka michache baadaye pamba iliongezeka, ng'ombe wakaongezeka, abiria wa Mwanza wakawa wanapanda hadi kwenye ngazi, na wale wale makarani wa Tabora wakaanza kutupigia simu kwa adabu. Njia ikawa na kazi ya njia kuu huku jina likibaki la tawi. Mazoea nayo yalibaki ya tawi. Watu walianika michembe yao ya viazi vitamu kwenye mataruma, mbuzi walilala katikati ya reli, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba treni ni ya mchana. Stesheni Masta alitembea na kijiti akifukuza mbuzi na kugombeza wanawake, na wanawake walimcheka waziwazi.

Usidhani alikuwa malaika. Alikataza kuku kwenye banda la mizigo huku bata wake wawili wakilala humo humo. Alikuwa mchoyo wa mafuta ya taa, alipenda umbea, na alikuwa na namna ya kusikiliza simu ya watu wengine huku akijifanya anasafisha miwani. Ukimletea asali ya msituni aliionja, akasema si nzuri, akaimaliza. Ila kwenye kitabu cha treni hakuweza kusema uongo hata wa dakika moja. Madereva walimbembeleza, "Masta, tuandikie tumefika na arobaini, si arobaini na tatu." Weee! Bora ungemwomba figo. "Nikipunguza tatu leo, kesho utaniomba nipunguze maiti," aliwaambia, na aliandika arobaini na tatu kwa mwandiko mkubwa kuliko kawaida.

Sasa lazima nieleze habari ya ringi, maana bila ringi hakuna habari.

Reli yetu ilikuwa moja tu, treni za kwenda na za kurudi zikipita hapo hapo. Ili zisikutane uso kwa uso, kulikuwa na mashine mbili, moja kwetu na moja Tabora, zilizoungwa kwa waya, na ndani yake mna vibao vya chuma. Mwenye kibao ndiye mwenye njia. Kibao kimoja kikitoka, mashine zote mbili zinajifunga, hakitoki kingine mpaka kile kirudishwe kwenye mashine mojawapo. Kibao kilitiwa kwenye mfuko wa ngozi, na mfuko ulifungwa kwenye duara kubwa la chuma ili dereva aweze kulidaka kwa kiwiko hata treni ikiwa inatembea. Duara hilo ndilo ringi.

Wengine walirushiana ringi kama watoto wanaorushiana chungwa. Kwa Stesheni Masta ilikuwa lazima useme. Anayetoa anasema, "Nakukabidhi njia, toka hapa mpaka Tabora." Anayepokea anasema, "Nimepokea njia, toka hapa mpaka Tabora." Madereva walikuwa wakiinua macho juu, lakini walisema, kwa sababu asiyesema hakupewa. Kitabu cha kazi hakikudai maneno hayo. Aliyatunga mwenyewe.

Mtu mmoja pale stesheni hakusalimiana naye, nyapara wa njia, mkuu wa kikosi cha kukarabati reli. Nyumba zao zilitazamana. Kila asubuhi Stesheni Masta alisema "Mwangaluka, nyapara," na kila asubuhi nyapara alitema mate pembeni na kuchukua nyundo yake. Miaka minne!

Kisa chake tulikijua sote. Mke wa nyapara alishikwa na uchungu mbaya, na Stesheni Masta alikuwa ameshakitoa kibao ili apelekwe Tabora kwa toroli la kusukuma. Mara simu ikalia kutoka Tabora, treni ya mizigo iko tayari, pamba inasubiriwa, rudisha kibao. Akakirudisha. Alikuwa mtu wa kutii. Toroli likaondoka baada ya treni kupita, saa mbili na dakika tano baadaye, na mtoto hakupatikana. Mama alipona, ila hakushika mimba tena. Kwenye kitabu Stesheni Masta aliandika muda wote wa kungoja, wote, bila kupunguza. Niliuona ukurasa huo. Kalamu ilikuwa imechana karatasi.

Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, na malori yakatumwagia kijiji kizima ng'ambo ya reli. Kaya kwa kaya, vitanda, mabati, vinu, bibi vizee wamekaa juu ya mitungi wakiuliza maji yako wapi. Ramani ilisema hapo patakuwa na zahanati. Tulipewa ubao unaosema zahanati. Basi, reli ikapata kazi nyingine ambayo hakuna aliyeiandika popote, ikawa ndiyo barabara ya wagonjwa, kwa sababu masika yakiingia mbuga ilijaa maji na hata baiskeli haikupita.

Mke wangu alishikwa na uchungu masika hayo, alfajiri. Ilikuwa mimba yetu ya kwanza. Kufika saa moja na nusu mkunga wa kijiji alitoka nje akiwa ananawa mikono, akaniambia bila kuzunguka, "Baba, mtoto amelala kingamo, kichwa hakijaja chini. Mimi hapa nimefika mwisho. Mpeleke hospitali, Kitete." Treni ya kwenda Tabora ilikuwa imepita jana yake jioni, na nyingine ni kesho. Nilikwenda ofisini nikikimbia, mguu mmoja una kiatu.

Stesheni Masta hakuniuliza swali. Aliita Tabora, akaomba njia kwa ajili ya toroli, mtu wa zamu kule akakubali, mashine ikagonga, kibao kikatoka. Alikitia mfukoni mwa ringi. Nje, nyapara na vijana wake watatu walikuwa tayari wanaliweka toroli kwenye reli, na mke wangu analazwa juu ya godoro, ameuma kanga asipige kelele.

Ndipo simu ikalia.

Sikuhitaji kuambiwa. Sauti ya kule ilikuwa kubwa mpaka ilisikika mlangoni. Treni maalumu iko tayari mapema, ina behewa la mkubwa anayekwenda kwenye mkutano Mwanza. Rudisha kibao.

"Kibao kiko nje," alisema Stesheni Masta. "Njia ina toroli."

"Toroli limeondoka?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na mimi nililisema moyoni kwa niaba yake, ndiyo, ndiyo, sema ndiyo wewe mzee!

"Bado," alisema. "Linaondoka sasa."

"Basi rudisha kibao! Mkubwa asubiri toroli? Ndugu, una akili timamu?"

Nilimwona anaitazama mashine. Ringi ilikuwa mkononi mwake, na mashine ilikuwa hatua moja tu. Nyapara alikuwa amefika mlangoni, akasimama nyuma yangu, nikasikia pumzi zake. Alisema neno lake la kwanza kwa Stesheni Masta katika miaka minne.

"Na leo utakirudisha?"

Nilitaka kumpigia magoti, nilitaka kumnyang'anya, na sikufanya lolote, nilisimama tu na kiatu kimoja. Stesheni Masta aliweka simu juu ya meza, haikukatwa, sauti bado inafoka ndani yake, akatoka, akanivika ringi begani.

"Nakukabidhi njia, toka hapa mpaka Tabora."

"Twende, Masta, twende!"

"Sema."

"Nimepokea njia, toka hapa mpaka Tabora."

"Usiivue mpaka umtie mkononi masta wa zamu. Yeye mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Saa mbili na dakika sita," alisema, akarudi ndani kuandika.

Tulisukuma. Mvua ilianza tukiwa bado tunaiona stesheni, nikavaa koti la mvua juu ya ringi. Nyapara alikimbia kwenye taruma kwa umri wake ule, akiwatukana vijana wake kwa Kinyamwezi na kumbembeleza mke wangu kwa Kiswahili, "Vumilia mama, tunafika, Tabora ile pale," na Tabora haikuwa pale hata kidogo. Mara mbili mke wangu aliacha kujibu. Mara ya pili nyapara alimtia maji usoni, akafumbua macho, akanitukana mimi. Sijapata kufurahia tusi kama lile.

Tulifika saa nne na nusu. Treni ya mkubwa ilikuwa imesimama inafoka moshi, watu wamejaa dirishani, na maofisa wa stesheni walitupokea kwa kelele, ondoeni hilo toroli, ondoeni! Kulikuwa na gari dogo la mtu mmoja aliyeleta mizigo. Nyapara alimshika yule dereva kola, mke wangu akapakiwa, na mimi nikapanda. Nilikuwa namtazama mke wangu midomo tu, kama inatikisika.

Sasa cheka ukitaka. Treni ya mkubwa haikuondoka. Mashine zimefungwa, kibao hakipo. Walilipekua toroli, wakawapekua vijana, wakamtukana nyapara, wakampigia simu Stesheni Masta mara sita, naye aliwajibu tu kwamba njia ameshaikabidhi. Kila mmoja alifikiri ringi iko hapa, iko pale. Hakuna aliyewaza kwamba mtu mzima anaweza kuingia wodini na njia ya reli begani. Nesi mmoja wa Kitete ndiye aliyeniuliza, niliposimama kumpokea mtoto, "Baba, hiki chuma ni cha nini?"

Mtoto alikuwa wa kike, mzima. Mama yake mzima. Nami nikakaa sakafuni na ringi yangu. Treni ilikuwa imesimama saa moja na dakika arobaini na tisa, na mkutano wa mkubwa ukampita.

Tuliitwa Tabora, mbele ya wazee watatu na mafaili yao. Stesheni Masta alikuwa ameleta maelezo yake kwa maandishi. Mmoja wao aliyasoma kwa sauti. Aliposoma kwamba Stesheni Masta alikataa kurudisha kibao kwa sababu njia ilikuwa imeshatolewa kihalali, walipinda midomo, lakini hawakuwa na la kumshika, kanuni ilikuwa upande wake. Kisha msomaji akafika chini ya ukurasa. "Mshika pointi hakuagizwa kumkabidhi masta wa zamu ringi hiyo. Nilisahau kumwagiza. Kosa ni langu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Yule mtu! Mtu wa arobaini na tatu isiwe arobaini!

Mzee wa katikati alinigeukia. "Ni kweli? Hukuagizwa?"

Stesheni Masta alikuwa anatazama dari. Nilifikiri kazi yangu, nyumba ya reli tunayolala, mtoto wa siku tisa. Nilifikiri vyote hivyo kwa haraka sana, kwa sababu woga una akili nyepesi.

"Ni kweli," nilisema.

Walimshusha cheo. Wakampeleka upande wa Mpanda, kwenye kituo ambacho treni ilipita ikijisikia, tawi la tawi. Siku anaondoka, nyapara alivuka yale majani kati ya nyumba zao, akavua kofia. "Mwangaluka, Masta." Stesheni Masta akaitikia, na wale watu wazima wawili wakashikana mikono mpaka mvua ikawalowesha. Mimi nilibeba sanduku lake. Nilimwamkia, "Shikamoo, Masta," akajibu, "Marahaba, mtoto anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri. Nilitaka aseme neno lingine, hata la kunilaani. Alipanda treni akahesabu bata wake.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yalikuwa mtoto wa kumzaa, maana tulimwita Njile, jina la kwetu la binti wa njiani, na kila nilipomwita nilikumbuka. Ukitaka kujua dunia ilivyo, mimi nilipandishwa. Miaka ilivyokwenda nikawa stesheni masta wa stesheni ile ile, nikakalia kiti chake. Na njia yetu nayo ikapanda. Ikafika siku Tabora treni ya Kigoma inangojeshwa ili ya Mwanza ipite kwanza, na hakuna karani anayethubutu kusema tawi. Nikaona, nikamfikiria yeye aliyeko Mpanda, nikaahirisha kumwandikia barua. Niliahirisha kwa miaka kumi na miwili.

Nilisikia amestaafu, amepanga chumba Isevya, pale pale Tabora, na miguu imevimba. Nilimchukua Njile, akiwa darasa la sita, tukaenda na chupa ya asali.

Chumba kilikuwa kisafi, kitanda na kiti, na saa yake imetundikwa msumarini. Bata hawakuwepo. Njile alimwamkia kwa magoti kama mama yake alivyomfundisha. Mzee alimtazama mtoto kwa muda mrefu, toka kichwani mpaka miguuni, kama anayekagua behewa.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, Masta."

"Amekua." Akaonja asali. "Si nzuri," alisema, akaishika chupa isichukuliwe.

Tuliongea habari za watu. Nyapara alikuwa ameshafariki, alijua. Treni ilipiga honi huko mbali, akasema ya Mwanza hiyo, mabehewa mengi. Nikasema ndiyo, siku hizi ndiyo njia kuu. Hakufurahi wala hakukasirika. Nilizunguka, nikazunguka, mpaka yeye akachoka.

"Sema ulichokuja kusema. Mtoto anasinzia."

"Masta, uliniagiza. Ulinivika mwenyewe ukaniagiza, nami nikasema nimesikia. Nilisahau. Na kule mbele ya wale wazee..."

"Kule hukusahau."

"Hapana. Kule niliogopa."

Alitikisa kichwa polepole. Nilitegemea aseme yamepita, kama wazee wasemavyo. Hakusema. Nikagundua kwamba mzee huyu alikuwa na hasira, hasira iliyotunzwa vizuri kama koti la sikukuu.

"Mke wa nyapara niliua mtoto wake kwa kutii. Wako sikutaka. Na ule uongo niliuandika kwa hiari yangu, ulikuwa na mtoto mchanga, wangekufukuza. Sikudai unilipe. Lakini nilidhani siku moja utakuja, hata wiki ile ile, faraghani tu, useme Masta, najua. Uliniacha nikae na uongo ule peke yangu. Mimi, ambaye sikuandika mwingine maisha yangu yote."

Nililia. Sioni aibu kulitaja. Njile alizinduka akanitazama kwa woga, hajawahi kumwona baba yake hivyo.

"Sasa sema," alisema Stesheni Masta.

Nilielewa. Nilisimama, nikajifuta uso.

"Nakukabidhi njia, Masta. Toka stesheni mpaka Tabora."

Alinyoosha mkono, kiwiko kimekunjwa, vile vile alivyokuwa akisimama jukwaani kudaka ringi, mkono wenyewe sasa umekonda. Ulikaa hewani hivyo, mtupu, mpaka akaridhika.

"Nimepokea njia," alisema. "Toka stesheni mpaka Tabora." Kisha akamgeukia Njile, akamwonyesha saa msumarini. "Mama, nisomee. Macho yangu hayafiki."

Njile alisogea, akaisoma kwa makini. "Saa kumi na dakika saba, babu."

"Saa kumi na dakika saba," aliniambia. "Ringi imechelewa miaka kumi na miwili. Ukifika stesheni kwako uandike hivyo hivyo. Usipunguze."